Shosho wa Kiti cha Nyuma Alijua Zaidi ya Projekta

Wasee, wacha nianze na ukweli wangu: sikuenda pale kwa sababu napenda historia. Nilienda kutafuta kontenti.

Niliona karatasi imebandikwa kwa duka la M-Pesa karibu na stegi yetu. Mazungumzo ya historia ya Nairobi, Jumamosi saa nane mchana, kwa makao ya wazee, kiingilio bure, karibuni wote. Nikauliza mwenye duka, akaniambia huwa wanafanya kila mwezi na huwa kuna chai na mandazi. Basi. Kichwani nikaona video ya sekunde 60: mikono yenye mikunjo, muziki wa huzuni kwa mbali, watu wanalia kwa komenti.

Nilifika nimechelewa kidogo. Ukumbi mdogo, viti vya plastiki kama 40, projekta imewekwa juu ya meza ya kulia chakula. Mbele alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mzee mtaratibu, shati limepigwa pasi vizuri. Ukitoa wahudumu, mimi ndiye nilikuwa mdogo kwa hiyo nyumba. Mada ya siku hiyo ilikuwa Operesheni Anvil.

Kama ulikalia kiti cha historia shuleni kama mimi, Anvil ilikuwa pointi moja kwa orodha ndefu ya pointi. Unaandika, unapata maksi, unasahau. Kwa hivyo nikumbushe. Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Aprili 24, 1954, siku ya Jumamosi, alfajiri, Jenerali George Erskine akafunga Nairobi. Zaidi ya askari 20,000 walizingira mji na kupekua mtaa baada ya mtaa, nyumba baada ya nyumba. Kipande chako kikionyesha wewe ni Mkikuyu, Membu au Mmeru, unawekwa kando. Halafu unapitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyevikwa gunia kichwani, matundu mawili tu ya macho. Akitikisa kichwa, maisha yako yamebadilika. Zaidi ya watu 20,000 walitiwa kizuizini, wengi wakapelekwa kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Ndio, Manyani ile ile unapita ukienda Mombasa kwa basi, umelala, mdomo wazi.

Mwalimu alikuwa anaeleza haya yote vizuri. Ramani, picha, takwimu. Mimi nilikuwa natafuta pembe nzuri ya kurekodi.

Halafu shosho mmoja wa kiti cha nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, umesema vizuri," akasema. "Lakini hujasema kuhusu mizigo."

Kukawa kimya. Akaendelea bila haraka. Alikuwa msichana wa miaka 12, wanaishi Bahati. Askari walipogonga, waliambiwa kila mtu abebe mzigo mmoja tu. Mama yake alikuwa na cherehani, alikuwa amemaliza kuilipa mwezi uliopita tu. Cherehani haibebeki na mtoto mgongoni. Kwa hivyo mama aliifunika kwa shuka, vizuri, kona zote nne, kama mtu anayefunika mtoto alale. Akafunga mlango kwa kufuli. Akaweka ufunguo kwa kitambaa, akakifunga kiunoni.

"Baba alipelekwa upande ule, sisi tukapandishwa lori upande huu," akasema. "Mama alikaa na huo ufunguo mpaka akazeeka. Hatukurudi kwa hiyo nyumba hata siku moja."

Sikuwa narekodi. Simu ilikuwa mkononi, kamera imewashwa, na sikubonyeza. Sijui niwaelezee aje. Nilikuwa nimesikia namba zote, 20,000 hivi na 20,000 vile, zikapita tu. Cherehani ndiyo iliingia.

Sasa hapa kuna kitu sitaki mkose. Huyo shosho, akiendelea, alisema walipelekwa Murang'a mwaka wa 1953, wakawekwa kijijini. Mwalimu akamwambia kwa heshima, "Mama, Anvil ilikuwa 1954. Na vile vijiji vilianza kwa wingi katikati ya mwaka huo huo." Shosho akafikiria kidogo, akacheka. "Basi ni 1954. Mimi sikuwa na kalenda, nilikuwa na njaa." Ukumbi mzima ukacheka, halafu ukanyamaza, kwa sababu haikuwa mchezo. Vile vijiji vilikuwa zaidi ya 800, na zaidi ya watu milioni moja waliondolewa kwa nguvu kwao na kuwekwa humo, wengi ndani ya mitaro na seng'enge.

Kwa hivyo mwalimu alikuwa na mwaka, shosho alikuwa na ufunguo. Ukichukua mmoja na kuacha mwingine, umepoteza stori.

Najua kuna mtu hapa anasema, sawa, lakini kumbukumbu za wazee si ushahidi, mtu anaweza kusahau au kuongeza chumvi. Hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo. Lakini angalia kilichotokea.

Wakati Waingereza wanaondoka, nyaraka nyingi zilichomwa. Zingine zilifungwa kwa maboksi na kusafirishwa Uingereza kimyakimya. Miaka ikaenda. Mwaka wa 2005 Caroline Elkins, mwanahistoria kutoka Marekani, alichapisha kitabu kuhusu zile kambi baada ya kuzungumza na mamia ya walionusurika. Wasomi wengine walimrukia. Mojawapo ya malalamiko yao: ameegemea sana maneno ya wazee.

Mwaka wa 2009 wazee 5 wa Kenya wakaishtaki serikali ya Uingereza kule London kwa mateso waliyopata. Na kesi ikiwa inaendelea, mwaka wa 2011, serikali hiyo ikalazimika kukubali kwamba ina nyaraka za makoloni ambazo haikuwa imeweka wazi, zimehifadhiwa mahali panaitwa Hanslope Park. Faili kama 8,800 kutoka makoloni 37, na kati ya hizo karibu 1,500 zilitoka Kenya. Zilipofunguliwa, zikaonyesha wakubwa wa wakati ule walijua kuhusu mateso na waliyaandikia barua. Yale wazee walikuwa wamesema kwa mdomo miaka yote hiyo, karatasi zikasema pia.

Oktoba 2012 mahakama ikaruhusu kesi iendelee. Kati ya wale 5, 3 tu ndio walikuwa wamebaki hai. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikasema inajuta, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwa ndani, kwa ajili ya wazee 5,228. Ukigawa, si pesa ya kujengea mtu ghorofa. Lakini fikiria hivi: karatasi zilikuwa zimefichwa. Kama wazee nao wangenyamaza, au kama hakuna mtu angewauliza mapema, hizo karatasi nani angezitafuta?

Ndio maana nina maoni, na nitayasema hata kama mtanikasirikia. Haya mazungumzo ya bure ni mazuri, na wanaoyaandaa wapewe heshima yao. Lakini viti vimepangwa vibaya. Mtu mwenye projekta amesimama mbele, na watu wenye historia wamekaa wakimwangalia, wakisubiri dakika 10 za maswali mwishoni. Ningependa ule muda wa maswali uwe nusu ya kipindi. Mwalimu alete mwaka na ramani, wao walete mizigo. Na sisi vijana tukae katikati na daftari.

Na sisi ndio shida kubwa zaidi. Ilikuwa bure! Tunalia kwamba shuleni tulifundishwa historia ya kukariri, halafu ile yenye inapumua iko mtaa wa pili, na chai juu, na hatuendi. Hii si stori ya Wakikuyu peke yao pia. Kama kwenu ni Wajir, kuna watu wako hai walionusurika Wagalla, Februari 1984. Kama kwenu ni Kisumu, kuna mtu anakumbuka Oktoba 1969, risasi siku ya kufungua hospitali. Waliokuwa watoto wakati huo sasa wana miaka sitini na kitu. Walioona Anvil na akili timamu wako themanini kwenda juu. Hesabu mwenyewe.

Baada ya mazungumzo nilimwendea shosho, nikamsalimia, nikamuuliza kama naweza kumrekodi. Akaangalia ile simu, akaniangalia mimi.

"Kijana, kwanza niambie. Shosho yako mwenyewe alikuwa wapi siku hizo?"

Sikuwa na jibu. Najua namba ya simu ya shosho yangu kwa kichwa. Najua anakunywa chai bila sukari tangu daktari amuonye. Lakini alikuwa wapi 1954, akiwa na miaka 8? Sijawahi kuuliza.

"Basi anza na huyo," akasema. "Mimi niko hapa. Siendi mahali."

Kwa hivyo hakuna video. Wale mlikuwa mnangoja, poleni. Nilimpigia shosho yangu usiku huo. Nikamuuliza hivyo tu, moja kwa moja: shosho, wakati wa hali ya hatari mlikuwa wapi? Akanyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Hayo si maneno ya simu. Kuja nyumbani."

Naenda wiki ijayo. Nitabeba daftari, na ile simu itakaa mfukoni mpaka yeye mwenyewe aseme niitoe.