Trauti Mgeni, Ziwa la Nani?

Samaki aitwaye trauti si mwenyeji wa Kenya. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Scotland, yakatiwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Baadaye trauti alipelekwa Mlima Kenya, na leo yumo hata katika Ziwa Rutundu, mita zipatazo 3,100 juu ya usawa wa bahari.

Walowezi walitaka mchezo wa kwao, na mchezo huo ukabaki wa mabwana. Leo sheria haibagui rangi, lakini barabara mbovu, ada za hifadhi na bei ya malazi bado humzuia mwananchi wa kawaida. Mimi nasema afunguliwe njia.

Hata hivyo, tusiingie kama nzige. Katika maji baridi ya juu mlimani samaki hukua polepole. Kata leseni, rudisha wadogo majini wakiwa hai, usiache nyuzi za nailoni wala chupa. Maji hayo hunywewa huko chini. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.