Kura Tatu za Mwaka 1958: Thamani ya Kura kwa Mwafrika

Katika sharika za Kinondoni na Temeke waumini hutuuliza kama kupiga kura kuna faida, ikiwa taratibu zenyewe zina kasoro. Swali hili si geni. Wazee wetu walilijadili mjini Tabora mwezi Januari 1958, na jibu lao lastahili kukumbukwa.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa masharti mazito. Mpiga kura alipaswa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Tena alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Hivyo Waafrika, waliokuwa karibu watu wote wa Tanganyika, walitengewa kiti kimoja kati ya vitatu. Na wachukuzi wa bandarini, wakulima na akina mama wengi hawakuwa na kura kabisa.

Wajumbe wengi wa TANU walitaka kususia. Mwalimu Nyerere aliwasihi washiriki, na hoja yake ikakubaliwa. Zuberi Mtemvu alijitenga, akaanzisha African National Congress. Tusimdharau, kwa maana alichokipinga kilikuwa dhuluma kweli. Lakini wachache wenye kura waliitumia kwa ajili ya wengi wasio nayo. Wagombea walioungwa mkono na TANU, wakiwamo Sophia Mustafa na Derek Bryceson, walishinda. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Wana na wajukuu wa wazee hao walijaribiwa vivyo hivyo. Tarehe 29 Oktoba 1995 vifaa vilichelewa kufika katika vituo vingi vya Dar es Salaam. Matokeo ya majimbo yote saba yakafutwa, na wananchi wakatakiwa kurudi tarehe 19 Novemba. Wengi walikata tamaa, wasirudi. Uchungu wao twauelewa. Hata hivyo mwaka 1996, katika uchaguzi mdogo wa Temeke, wapiga kura walimchagua Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, mgombea wa upinzani. Kura yao ilikuwa ingali na nguvu.

Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, chatueleza habari za binti za Selofehadi. Sheria haikuwapa fungu. Hawakunyamaza wala hawakuihama kambi. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, wakadai haki yao, na Bwana akasema wamenena vema.

Basi, si kazi ya mchungaji kuwaambia waumini wamchague nani. Kazi yetu ni kuwafundisha mambo mawili yasiyotenganishwa: kwenda kituoni, na kudai kura ihesabiwe kwa haki. Anayefanya la kwanza bila la pili hujidanganya. Anayengoja la pili likamilike ndipo afanye la kwanza, huwaachia wengine fungu lake.