Walisikiliza santuri bila kuijua Unguja: Freddie Mercury na ugomvi wa wahakiki

Septemba 5, 2026 inatimia miaka 80 tangu mtoto wa mtumishi mmoja wa serikali, Mparsi kwa kabila na dini, azaliwe mjini Unguja na kupewa jina la Farrokh Bulsara. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza.

Huku kaskazini mwa Tanzania jina lake hutufikia kupitia watalii. Mgeni akishashuka kreta ya Ngorongoro na kulala Karatu au kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, mara nyingi humalizia likizo yake Unguja, na njiani hupenda kumuuliza dereva habari za nyumba ya Mercury. Dereva hujibu vizuri kwamba iko Shangani, Mji Mkongwe, na siku hizi ni makumbusho. Mazungumzo yakigeukia muziki wenyewe, majibu hupungua. Muziki wa roki haujapata makao kwetu. Redio za Oldeani hupiga Bongo Fleva na nyimbo za Injili, na gitaa zito la hevi metali kwa wengi ni kelele za wazungu.

Kwa hiyo tumebaki na mtu maarufu ambaye tunaijua nyumba yake na hatuzijui santuri zake. Wazungu walikuwa na kasoro iliyo kinyume chake. Wahakiki wa London na Marekani walizisikiliza santuri hizo moja baada ya nyingine, wakaziandikia hukumu kali, na hawakuwa na habari na kisiwa alikotoka mwimbaji. Hukumu hizo ndizo historia ninayotaka kuisimulia, hasa ile juu ya albamu ya Jazz ya mwaka 1978. Nimeegemea zaidi uhakiki wa Mmarekani Dave Marsh wa jarida la Rolling Stone, pamoja na historia ya Queen iliyoandikwa na Mwingereza Mark Blake mwaka 2010.

Maisha yake ya mwanzo yamesimuliwa mara nyingi. Baba yake, Bomi Bulsara, mwenyeji wa Gujarat, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Waingereza. Mtoto alipofika umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, India, na akiwa huko alipiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963. Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Mwaka 1970 akajiunga na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, na mwaka uliofuata akaja John Deacon wa gitaa la besi.

Uingereza ya wakati huo ilikuwa na magazeti ya muziki yaliyotoka kila wiki: NME, Melody Maker, Sounds, Record Mirror. Vijana waliyasoma kwanza ndipo wakaamua santuri ipi inafaa kutolewa pesa. Mhakiki wa NME aliweza kuipandisha bendi au kuizika kwa aya mbili, na wengi wao waliipenda zaidi kazi ya kuzika.

Albamu ya kwanza, iliyoitwa Queen, ilitoka Julai 1973. Nick Kent wa NME aliifananisha na ndoo ya mkojo. Ng'ambo ya bahari mambo yalikuwa tofauti. Gordon Fletcher wa Rolling Stone aliandika kwamba vijana hao wana kila zana ya kudai kiti cha enzi cha hevi metali kilichoachwa wazi na Led Zeppelin. Msomaji aikumbuke sifa hiyo, maana jarida hilohilo lilikuja kuwageuka.

Mwaka 1974 zikatoka mbili, Queen II na Sheer Heart Attack. Record Mirror iliiita ile ya kwanza masimbi ya muziki wa glam, yaliyopakwa rangi kupita kiasi studioni. Ya pili ilipokewa vizuri zaidi, na ndani yake mna wimbo "Stone Cold Crazy", mfupi na wa kasi, ambao Metallica waliurekodi upya na kupata nao tuzo ya Grammy ya hevi metali mwaka 1991. Anayedhani Queen ni bendi ya nyimbo za viwanja vya mpira peke yake aanzie hapo.

Kisha ukaja mwaka 1975, albamu A Night at the Opera na wimbo "Bohemian Rhapsody" wa karibu dakika sita, wenye "Bismillahi" katikati yake. Allan Jones wa Melody Maker aliusikia akaona ni kikundi cha opera cha waigizaji wa ridhaa wa mtaa wa Balham, kilichopandwa na wazimu. Wanunuzi hawakumjali. Wimbo ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa.

Kufikia hapo uadui ulikuwa umeiva. Mwaka 1977 vijana wa punk walikuwa wakiimba juu ya ukosefu wa kazi, na mwimbaji aliyevaa nguo za kubana za mcheza baleti alionekana kuwadhihaki. NME ilichapisha mahojiano naye chini ya kichwa kilichouliza kama mtu huyu ni mpumbavu. Mwishoni mwa mwaka huohuo Queen wakatoa "We Will Rock You", wimbo wa miguu na makofi ambao uwanja mzima unaweza kuupiga bila ala yoyote.

Hapo ndipo linapoanza sakata la Jazz.

Albamu hiyo ya saba ilirekodiwa Uswisi na Ufaransa, kwa sababu bendi ilikuwa ikikimbia kodi za Uingereza. Ilitoka Novemba 10, 1978. Kuitangaza, waliwakodi wanawake 65 wakaendesha baiskeli wakiwa uchi katika uwanja wa Wimbledon. Usiku wa Oktoba 31 walifanya karamu New Orleans ambayo bado inasimuliwa kwa kutiwa chumvi. Waandishi walikula, walikunywa, kisha wakarudi nyumbani kuandika, na shukrani haikuwamo katika walichokiandika.

Uhakiki wa Marsh ulitoka Rolling Stone mwanzoni mwa 1979. Alianza kwa kusema kwamba ndani ya albamu iitwayo Jazz hamna jazz, na kwamba Queen hawana ubunifu wa kupiga jazz wala wa kupiga roki. Akazipitia baadhi ya nyimbo na kuzitupa. Mwishoni akatoa neno ambalo limeandamana na bendi hiyo hadi leo: huenda Queen ndiyo bendi ya kwanza ya roki iliyo ya kifashisti kwelikweli. Katika "We Will Rock You" alisikia amri ya kijeshi, watu walio juu wakiwaambia walio chini wajue nafasi yao.

Nani alikuwa juu na nani chini? Swali hilo Marsh alilielekeza kwa vijana wa Uingereza na Marekani waliojazana viwanjani. Angelielekeza Unguja ya 1963 angekuta kazi kubwa zaidi. Kijana aliyekuwa akimshutumu alitoka katika familia iliyotawaliwa na Waingereza na papo hapo kuajiriwa nao, yenye yaya nyumbani na mshahara wa Mahakama Kuu, katika mji ambao wachukuzi na watwana wa jana walikuwa wakiishi Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Mapinduzi yalikuja kujibu swali hilo kwa panga na bunduki, na familia ya Bulsara ikawa miongoni mwa walioondoka. Hayo Marsh hakuyagusa. Alikuwa na hoja ya matabaka mkononi, na mlengwa wake alikuwa ameyaishi matabaka hayo pande zote mbili.

Kisha kuna "Mustapha", wimbo unaoifungua albamu. Mercury anaanza peke yake bila ala, sauti ikipanda na kujikunja kama ya mtu aliye juu ya mnara. Anawataja Mustapha na Ibrahim, analitaja jina la Mwenyezi Mungu, anatoa salamu ya Kiislamu, na katikati anachanganya maneno ambayo hayana maana katika lugha yoyote. Gitaa la May linaingia baadaye, na wimbo unakimbia hadi mwisho kwa mwendo wa ngoma ya kuchezwa harusini.

Marsh aliandika kwamba wimbo huo ni marudio mabovu ya "Hernando's Hideaway", wimbo wa mchezo wa jukwaani wa Marekani wa mwaka 1954, na kwamba uhusiano wake na utamaduni wa Mashariki ya Kati haupiti ule wa mishikaki ya Kigiriki inayouzwa pembeni mwa barabara.

Mwandishi wa New York hakuweza kuchagua tusi lililokosea njia kuliko hilo. Mji Mkongwe, alikozaliwa aliyetukanwa, ndio mji wa Forodhani, ambako mishikaki ya kando ya barabara huwakusanya watu kila jioni. Ni mji ambao adhana hutoka msikiti mmoja na kujibiwa na wa pili kabla mtu hajamaliza uchochoro. Ni mji wa Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905 kikipokea mtindo wa Misri. Mparsi mdogo aliyelelewa hapo alisikia Kigujarati nyumbani, Kiingereza cha masista shuleni, Kiswahili mtaani na Kiarabu kutoka minarani. Alipokuwa mtu mzima akaimba wimbo uliochanganya maneno ya Kiarabu na ya kubuni, Marsh aliona ni mwigo mbovu tu.

Sisemi kwamba "Mustapha" ni wimbo mkubwa. Mwislamu anayesikia jina la Mungu likichezewa juu ya gitaa la umeme anaweza kuchukizwa, na ana haki. Mpenzi wa taarab anaweza kusema mtu huyu ameonja tu, hakushiba. Hizo zingekuwa hukumu za wanaojua kinachozungumziwa. Hukumu ya Marsh juu ya wimbo huo haikuwa ya aina hiyo.

Haki itendeke pande zote. Kuna mahali wakosoaji wa Queen walikuwa sahihi, nako si katika santuri. Oktoba 1984 bendi ilipiga Sun City, katika Bophuthatswana, nchi ya bandia ya makaburu, wakati dunia ikiwa imewasusia. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka katika orodha ya waliovunja mgomo. Kwa Mtanzania hilo si jambo dogo. Miaka hiyohiyo watoto wa wapigania uhuru wa ANC walikuwa wakisoma nchini mwetu, Mazimbu, Morogoro. Mzaliwa wa Unguja kwenda kuimbia kasino za makaburu ni doa, na haliondolewi na sauti nzuri.

Yaliyobaki yanajulikana. Julai 13, 1985 waliteka jukwaa la Live Aid kwa dakika zipatazo 20. Novemba 24, 1991 Mercury alifariki London kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI. Rolling Stone yenyewe ikaja kuiweka A Night at the Opera katika orodha yake ya albamu 500 bora za wakati wote.

Na sisi? Mwaka 2006, alipotimiza miaka 60 tangu kuzaliwa, mgahawa mmoja wa ufukweni Unguja wenye jina lake ulipanga sherehe. Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikapinga, ikisema maisha ya mtu huyo yanakwenda kinyume na maadili ya Kiislamu na kwamba kumuenzi ni kuichafua Zanzibar. Sherehe ikafutwa. Katika mabishano yote hayo, yaliyofika hadi vyombo vya habari vya Ulaya, waliotaka sherehe walizungumzia watalii na waliopinga walizungumzia mwenendo wake. Muziki haukupata wakili wala mwendesha mashtaka.

Novemba 24, 2019, mwaka mmoja baada ya filamu iliyomrudisha midomoni mwa watu, makumbusho yakafunguliwa Shangani. Ni jambo jema, na wageni wanapanga foleni kupiga picha mlangoni. Ila wengi wa wageni hao walikuja wakiwa tayari wamesikiliza. Mwenyeji anayepita hapo kila siku kwenda sokoni ndiye ambaye hakuna aliyejisumbua kumwekea santuri.

Jambo hilo linatengenezeka. Zanzibar ina Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachofundisha udi, kanuni na fidla. Ina tamasha la Sauti za Busara tangu 2004. Ina wazee wa Ikhwani Safaa ambao masikio yao yanaweza kupima maqam za muziki wa Kiarabu kuliko mhakiki yeyote wa Rolling Stone. Katika mwaka huu wa 80, wakalishwe pamoja jioni moja, iwekwe albamu ya Jazz kuanzia wimbo wa kwanza, kisha waandike kwa Kiswahili walichosikia, na gazeti moja likubali kukichapisha. Wakisema ni kelele, iandikwe kuwa ni kelele. Itakuwa hukumu ya kwanza kutoka kwa watu wanaoijua Unguja na walioisikiliza santuri, na mpaka sasa hakuna upande uliowahi kuwa na vyote viwili.