Tegemeo la Mwalimu wa Chuo Kikuu nchini Kongo

Historia ya vyuo vikuu vya Kongo huelezwa mara nyingi kwa kutaja sheria, majengo na wingi wa wanafunzi. Ni nadra kuulizwa mwalimu alitegemezwa na nini kazini, na utulivu wa moyo wake ulitoka wapi.

Hadi mwaka 1971 nchi ilikuwa na vyuo vikuu vitatu: Lovanium, kilichoanzishwa na Wakatoliki mwaka 1954, chuo cha serikali cha Lubumbashi, na kile cha Waprotestanti kilichofunguliwa Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, ikavigawa vitivo kwa miji: fasihi na isimu zikapelekwa Lubumbashi, saikolojia na elimu Kisangani. Mwalimu aliyewazoea wenzake na maktaba yake alilazimika kukifuata kitivo chake. Hivyo tegemeo la kwanza, yaani jumuiya ya wenzi wa kazi, lilitikisika.

Mwaka 1981 vyuo vilirudishiwa uhuru wake, ila hazina ya serikali ilikuwa ikikauka. Uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993 uliuvunja uchumi. Oktoba 1993 ilitolewa sarafu mpya: zaire moja mpya ilikuwa sawa na milioni tatu za zamani. Mshahara uliochelewa ulipoteza thamani kabla haujamfikia mwenyewe. Ndipo wazazi walipoanza kuchanga ili walimu waendelee kufundisha.

Mchango huo uliyaokoa masomo; haifai kuudharau. Hata hivyo, ulimletea mwalimu mzigo mwingine. Yule anayesahihisha mtihani alikuwa akilishwa na mzazi wa mtahiniwa. Akiwa mkali, aliweza kuonekana hana shukrani. Akiwa mpole, aliweza kushukiwa kwamba amenunuliwa. Njaa ilipungua, lakini wasiwasi ulihamia kwenye kalamu yake.

Kwa hiyo tatizo la mwalimu wa miaka ile halikuwa umaskini peke yake. Lilikuwa pia kupotewa na tegemeo lisilomdai kitu katika hukumu yake. Mshahara unaofika kwa wakati humlisha mwalimu, na zaidi ya hayo humwezesha kumtazama mwanafunzi usoni, akampa alama anayostahili, kisha akalala usingizi.