Kuweza na Kutenda: Neno «Could» katika Shule za Ugogo

Kiingereza kilichelewa kufika Ugogo. Wamisionari wa Church Missionary Society walifika Mpwapwa mwaka 1876, lakini lugha za kazi yao kwa watu zilikuwa Kigogo, na Kiswahili kilichokwisha pita njia hiyo pamoja na misafara ya pwani. Wadachi nao walitawala kwa Kiswahili, na reli yao ilifika Dodoma mwaka 1910. Ni baada ya majeshi ya Uingereza kuingia Dodoma mwaka 1916 ndipo Kiingereza kilipoanza kuwa lugha ya serikali, na baadaye ya madarasa ya juu. Kwa hiyo mtoto wa Kigogo alikifikia akiisha kupita katika lugha mbili, na alipotaka kujua uzito wa neno la Kiingereza alilipima kwa Kiswahili. Kwa maneno mengi kipimo hicho kilimfaa. Kwa neno la uwezo kilimdanganya, na hata leo chawadanganya wengi, wala si wanafunzi peke yao.

Neno «can» kwa asili yake lilikuwa na maana ya kujua. Ni ndugu wa «know», na wa «können» la Kidachi. Waingereza wa kale walipotaka kutaja nguvu walitumia neno ambalo leo ni «may». «Can» lilikuwa la ujuzi. Sisi nasi twasema «ajua kusoma», «ajua kuogelea», bila kuona haja ya kutaja kuweza. Baadaye «can» likajitwalia uwezo wote, «may» likaachiwa ruhusa na shaka. Umbo lake la wakati uliopita, «could», hapo kwanza halikuwa na herufi l. Iliingizwa mnamo karne za 15 na 16 kwa kuiga «would» na «should», ambayo yana haki nayo kwa ajili ya «will» na «shall». Haitamkwi, nayo imewatoa jasho watoto wengi katika imla.

Tena «can» ni neno lililokatwa viungo. Kwa neno hilo hapana namna ya kusema «kuweza», wala «nitaweza», wala «nimeweza»; Mwingereza hulazimika kuazima «be able to». Kuweza kwetu ni kuzima, huchukua kila wakati kama kupika au kulima. Hapo ndipo penye mtego. Mwanafunzi, akiona kwamba «naweza» ni «can», hukata shauri kwamba «niliweza» ni «could».

Mwanafunzi wa Dodoma ataandika «Yesterday I could catch the train», akikusudia kwamba jana aliliwahi gari la moshi akasafiri. Mwingereza akisoma maneno hayo hafahamu kwamba amesafiri. Hufahamu labda kwamba nafasi ilikuwapo, au hungojea sentensi imalizike. Kwa tendo moja lililotimia Kiingereza chataka «was able to» au «managed to». «Could» lafaa kwa uwezo uliodumu, kama vile kusema kwamba babu alipokuwa kijana alikuwa akiweza kutembea kutoka Mpwapwa hata Kongwa kwa siku moja. Hapo Kiswahili kizuri ni «alikuwa akiweza», si «aliweza», maana «aliweza» kwa kawaida huelekea jambo lililokwisha tendeka. Maneno ya kuona na kusikia yana desturi yao: «we could see the hills» ni «tuliviona vilima», na kuongeza kuweza hapo ni mzigo wa bure.

Kosa hili lageuza habari yenyewe. Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilikubali mpango wa kulima karanga katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, ekari 3,210,000 kwa jumla, na kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Kwa mwaka ule wa kwanza ilikusudiwa kufyeka ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi. Mibuyu ilivunja mitambo, na udongo wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama tofali. Mswahili angesema kwa neno moja tu, «haulimiki», ambalo Kiingereza hakiwezi kulieleza ila kwa kuleta «cannot be» mbele yake. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Sasa, mtu akiandika kwa Kiingereza kwamba wataalamu waliona ekari 150,000 «could be cleared», na mwalimu akafasiri «ziliweza kufyekwa», amefyeka kwa kalamu pori ambalo matrekta hayakulifyeka. Yapasa aandike «zingeweza kufyekwa». Kiambishi kimoja tu, lakini msomaji wa Kiswahili hana njia nyingine ya kujua kama karanga zilipandwa au hazikupandwa.

Katika kukana, lugha hizi mbili zakutana: «could not» ni «hakuweza», iwe ni kwa siku moja au kwa maisha yote. Kiswahili cha pwani kimeongeza jambo lake, maana «hawezi» pasipo neno la kufuata ni mgonjwa. Steere aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1870, na kasisi mgeni aliyeambiwa kwamba mzee wa kanisa «hawezi» alipaswa kwenda kumtazama, si kumlaumu kwa kukosa ibada.

Wenye kuhubiri watazame pia habari ya Bwana Yesu kukataliwa na watu wa kwao. Marko, katika sura ya 6, ataja uwezo: hakuweza kufanya mwujiza huko, isipokuwa kwa wagonjwa wachache. Kitenzi chake cha Kiyunani kimo katika umbo la jambo lililodumu, si la mara moja. Mathayo, katika sura ya 13, akisimulia neno lilo hilo, aliacha kutaja kuweza. Asema tu kwamba hakufanya miujiza mingi, kwa sababu ya kutoamini kwao. Anayefundisha kwa Kiswahili asiyachanganye, wala asimpe Mathayo «hakuweza» ya Marko kwa kudhani kwamba maneno ni mamoja.