Kilichosogezwa, Hakijapokewa: Historia ya Neno "Proffer"

Nilipokuwa nikifundisha Kiingereza sekondari, nilimkosesha mwanafunzi aliyeandika kwamba maana ya "proffer" ni "kumnyoshea mtu mkono wenye kitu". Jibu nililolitaka lilikuwa neno moja: kutoa. Leo nimestaafu, nami nakiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu na ukweli.

Asili ya neno hilo si Kiingereza. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kikawa lugha ya watawala, kisha ya mahakama. Humo ndimo kilimotoka kitenzi "poroffrir". Sehemu yake ya pili inatokana na Kilatini "offerre", yaani kuleta mbele ya mtu. Kiambishi cha mwanzo nacho kinaongeza maana ya mbele. Kitu kimesogezwa mara mbili, lakini bado hakijapokewa.

Maana hiyo ilionekana hata katika Hazina ya mfalme. Maofisa waliosimamia kaunti walifika huko mara mbili kwa mwaka: wakati wa Pasaka, na katika sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwezi Septemba. Fedha walizozitanguliza ziliitwa kwa neno hilihili. Fedha ziko mezani, hesabu haijafungwa.

Katika mahakama za Marekani hadi leo, wakili hutumia neno hili anapomweleza jaji ushahidi anaokusudia kuuleta, ili jaji aamue kama utapokelewa. Katika maandishi ya kawaida, Waingereza hulitumia kwa mkono, ushauri, hata radhi. Siku zote mpokeaji ana hiari ya kukataa.

Kitenzi chetu "kutoa" hakiionyeshi hiari hiyo waziwazi. Mshairi anayeitafuta atakuwa karibu zaidi akitumia kujongeza, kutanguliza au kunyoshea. Hata hivyo, kuna mahali ambapo Kiswahili kimeitangulia tafsiri. Mwingereza husema anatoa radhi. Sisi twasema twaomba radhi. Aliyekosa hana radhi ya kutoa: radhi i mikononi mwa aliyekosewa, naye aweza kuizuia.

Ndiyo maana sisemi hapa kwamba nimeirudisha alama niliyoinyima. Daftari lile halipo tena. Namwomba radhi mwanafunzi wangu, popote alipo. Mkono wangu nimeunyosha. Kuupokea ni hiari yake.