CDF: Hazina iliyowatoa wananchi kwenye bahasha ya mheshimiwa

Uamuzi uliotolewa na majaji watatu wa Mahakama Kuu mnamo 20 Septemba 2024 ulisomwa Nairobi, lakini uliwashtua zaidi wazazi wanaolipa karo kwa basari. Majaji Kanyi Kimondo, Mugure Thande na Roselyne Aburili walisema hazina ya ustawi wa maeneobunge, ile ambayo Wakenya wanaendelea kuiita CDF hata baada ya sheria kuipa jina refu, inakwenda kinyume cha Katiba. Wakaipa hadi 30 Juni 2026 kufunga shughuli zake. Wabunge walighadhabika na Bunge likakata rufaa. Waliowasilisha kesi, Wanjiru Gikonyo na Cornelius Oduor, walisherehekewa na wengine na kulaumiwa na wengine kwamba wamewanyang'anya maskini tonge mdomoni.

Katika kelele zote hizo sikusikia watu wakimtaja Mhandisi Muriuki Karue. Kwa jambo kubwa kiasi hiki, kumsahau aliyelianzisha ni kumkosea heshima.

Karue aliingia Bungeni mwaka 1997 akiwakilisha Ol Kalou, Nyandarua, kutoka upande wa upinzani. Ni mbunge gani wa upinzani wa miaka ile aliyeweza kuwapelekea watu wake barabara au maji? Maendeleo yalifuata uaminifu kwa serikali. Tangu mwaka 1983 mipango ilikuwa imepelekwa wilayani, ila kamati ya wilaya iliongozwa na mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa mtu wa Rais. Eneo lililopiga kura vibaya lilisubiri, na Nyandarua ilijua kusubiri.

Njia iliyobaki ilikuwa harambee. Mzee Kenyatta aliifanya mwito wa taifa mwaka 1963, na kwa moyo huo wananchi walijenga shule nyingi za sekondari ambazo serikali isingeweza kuzijenga peke yake. Lakini kadiri miaka ilivyosonga, harambee iligeuka jukwaa la mheshimiwa. Alifika amechelewa, akapokewa kwa nyimbo, bahasha ikafunguliwa na kiasi kikatangazwa kwa kipaza sauti. Nyandarua hiyohiyo ilikuwa imelipa taifa J.M. Kariuki, mbunge aliyesifika nchi nzima kwa ukarimu wa michango yake hadi alipouawa Machi 1975. Wananchi walimpenda kwa haki. Hata hivyo, mtoto wa Nyandarua kutegemea mfuko wa mtu mmoja, hata akiwa mwema kiasi gani, kulimwacha yatima siku mtu huyo alipozikwa.

Serikali ya Narc ilipoingia mwishoni mwa mwaka 2002, harambee zilitiliwa shaka waziwazi. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliwabana waheshimiwa, na jopo lililoongozwa na Koigi wa Wamwere likapewa kazi ya kuichunguza michango hiyo. Hapo ndipo Karue alipopata nafasi. Mswada wake wa kuunda hazina hii ulipita, na sheria ikachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali tarehe 9 Januari 2004.

Hesabu yake ilikuwa ya kihandisi, rahisi kueleweka na ngumu kuchezewa. Asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali itengwe. Robo tatu yake igawanywe sawa kwa sawa kwa maeneobunge yote 210, na robo iliyobaki ifuate umaskini wa kila eneo. Rais asingeweza kumnyima adui yake, wala waziri kumwongezea shemejiye. Mbunge wa chama tawala na wa upinzani walipata kwa kipimo kimoja. Mwaka wa kwanza kila eneobunge lilipata Sh6 milioni, jumla Sh1.26 bilioni. Kufikia mwaka wa fedha wa 2006/07 jumla ilikuwa karibu Sh10 bilioni. Ndiyo miaka ambayo mabango ya CDF yalianza kuota kwenye malango ya shule, zahanati na visima, kutoka Turkana hadi Lunga Lunga.

Kasoro ilikuwa moja na ilikuwa kubwa. Kamati ya eneobunge iliyochagua miradi iliongozwa na mbunge mwenyewe au mtu aliyetokana na ushawishi wake. Fedha zilikuwa za umma na mgao wake ulikuwa wa haki, lakini mkono uliozitoa ulikuwa uleule wa harambee.

Waliolisema hili kwa vitendo kabla ya majaji walikuwa wakazi wa Changamwe, Mombasa, mwaka 2007. Kisa chao kimehifadhiwa vizuri katika maandishi na filamu ya shirika la International Budget Partnership. Mimi nakiona kuwa ndicho kisa muhimu kuliko vyote katika historia ya hazina hii, kuliko hata hukumu zenyewe.

Changamwe ya wakati huo ilikuwa eneobunge kubwa la bara ya Mombasa, na Jomvu ilikuwa bado ndani yake. Ni mahali palipokuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta, na penye uwanja wa ndege na malori ya bandarini. Ni mahali pia pa watu wanaoamkia vibarua na kurudi jioni kwenye mitaa isiyo na mifereji. Mbunge alikuwa Ramadhan Kajembe. Shirika la kutetea haki la MUHURI, lenye makao yake Mombasa, liliamua kuuliza swali dogo: pesa za CDF zilizoletwa hapa zimefanya nini?

Swali lilikuwa dogo, kazi ikawa kubwa. Kenya haikuwa na sheria ya kumpa mwananchi haki ya kuona nyaraka za serikali. Hiyo ilikuja mwaka 2016. Aliyetaka faili alitegemea hiari ya mwenye kabati. MUHURI walikwenda, wakarudi, wakaandika barua na kubisha tena, hadi wakapewa kumbukumbu za baadhi ya miradi. Hazikuwa zote, lakini ziliwatosha kuanza.

Wakufunzi walitoka mbali. Katika jimbo la Rajasthan, India, chama cha wakulima na vibarua kiitwacho MKSS kilikuwa tangu miaka ya tisini kikiwakusanya wanakijiji na kuwasomea hadharani hesabu za miradi yao: jina la aliyelipwa, siku alizofanya kazi, mifuko ya saruji iliyonunuliwa. Aliyeandikwa kuwa alilipwa husimama na kusema kama alipata. Mapambano hayo yalichangia India kupata sheria ya haki ya habari mwaka 2005. Watu wa MKSS walikuja Mombasa, wakakaa na vijana na kina mama wa Changamwe, wakawafundisha kusoma makadirio ya ujenzi kama mtu anavyosoma risiti ya duka.

Baada ya mafunzo walitoka. Walibeba karatasi zao hadi kwenye miradi, wakapima kuta, wakahesabu madirisha, wakalinganisha kilichoandikwa na kilichosimama. Waliwauliza majirani fundi alikuwa nani na kazi ilikoma lini. Wakati huohuo wengine walipita mitaani kwa ngoma na michezo ya kuigiza, wakiwaambia watu kwamba pesa hizi si hisani ya mheshimiwa. Pwani inajua kwamba neno likipigiwa ngoma halifichiki.

Kisha kikaja kikao cha hadhara. Waliosimama kusoma matokeo walikuwa wakazi, si wanasheria wa Nairobi, na wahusika wa CDF waliulizwa mbele ya watu kuhusu kasoro za ujenzi na matumizi zilizoonekana. Hebu mtu afikirie uzito wake. Mama ambaye miaka yote ameingia ofisi ya mbunge akiwa ameinamisha kichwa kuomba basari, sasa ana karatasi mkononi na anauliza kuhusu saruji. Hakumtukana mtu wala kumpigia magoti. Nadhani siku ile ndipo hazina ya Karue ilipokamilika. Mhandisi alikuwa amegawanya pesa kwa haki, na watu wa Changamwe wakaongeza kile ambacho sheria haikuweka, yaani jicho la mwenye mali.

Ningependa kuandika kwamba serikali iliichukua mbinu hiyo na kuifanya wajibu katika kila eneobunge. Haikufanya hivyo. Sheria ilirekebishwa, bodi ya kitaifa ikaundwa, nchi jirani zikavutiwa, na Tanzania ikaanzisha mfuko wake wa jimbo mwaka 2009. Lakini ukaguzi wa wananchi uliachiwa mashirika yenye ufadhili, na ufadhili ukiisha, ngoma hunyamaza. Karue mwenyewe alishindwa katika uchaguzi wa Desemba 2007, akarudi mwaka 2013 kama Seneta wa Nyandarua, katika Bunge lililoundwa kulinda kaunti.

Kaunti hizo ndizo zilizobadilisha mambo. Katiba ya 2010 ilizipa zahanati, masoko na barabara za mashinani, kazi zilezile ambazo CDF ilikuwa ikifanya. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaikataa sheria ya CDF ya 2013. Wabunge wakatunga nyingine iliyobakiza majukumu ya serikali kuu tu, hasa shule, basari na usalama. Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Martha Koome nayo ikaibatilisha ile ya 2013 tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, wakati wagombea wengi walikuwa wametoka tu kuwaahidi watu madarasa. Hoja iliyorudiwa mahakamani ni kwamba mbunge anatunga sheria na kuisimamia serikali. Hawezi tena kuwa mkandarasi.

Nakubaliana na majaji. Lakini siwezi kujiunga na wanaoishangilia hukumu ya 2024 kana kwamba jalala limefagiliwa. Basari ya CDF imewavusha watoto wengi ambao wasingelivuka, na hakuna aliyeeleza kwa uwazi ni ofisi ipi itawapokea wazazi wao, kwa fomu gani na kwa kipimo gani cha umaskini. Yale majengo nayo yanahitaji mwenyewe. Zahanati zilizojengwa na kamati za maeneobunge sasa ni jukumu la kaunti, na baadhi zilikaa miaka bila muuguzi wala dawa kwa sababu aliyejenga hakuwa na uwezo wa kuajiri. Kabla hesabu hazijafungwa, bodi ya hazina ichapishe orodha ya kila mradi, kata kwa kata, tangu Sh6 milioni za kwanza hadi shilingi ya mwisho, na ibandikwe kwenye ofisi ya chifu ambapo mkazi yeyote anaweza kwenda na futi yake kupima.